NANI ASOME NYAYO ZA KAZI?



Kuna kazi mpya duniani ambayo jina lake bado halijazoeleka kwetu. Wataalamu huiita uchimbaji wa michakato. Sisi katika ukurasa huu tutaiita kusoma nyayo za kazi, maana ndivyo ilivyo. Ofisi yo yote inayotumia kompyuta huacha nyayo. Karani akipokea fomu, mashine huandika saa. Mkubwa akitia sahihi, mashine huandika saa. Fomu ikirudishwa kwa kukosa karatasi moja, mashine huandika saa. Nyayo hizo zikikusanywa kwa maelfu, mtu mwenye ujuzi aweza kuchora njia ambayo kazi hupita kweli kweli, si ile iliyoandikwa katika kitabu cha sheria za ofisi. Aweza kuonyesha mahali inapokwama, mahali inaporudi nyuma, na mahali inapopita njia ya panya.

Labda wengine watauliza, chama cha wafanyakazi kina haja gani na jambo hili? Kina haja kubwa. Yule anayesoma nyayo ndiye atakayemwambia mwajiri nani anachelewesha kazi, dirisha gani lifungwe, na nafasi gani ifutwe. Na yule anayesoma nyayo za ofisi ya Serikali ndiye atakayesema kwa nini mwananchi hapati haki yake. Basi si jambo la mafundi wa kompyuta peke yao.

Rai yetu ni moja, na tunaisema mapema ili msomaji asipotee. Katika kila kundi linaloajiriwa kusoma nyayo za kazi, lazima awemo mtu anayeifanya kazi yenyewe na kuyajua mahali pake, mwenye cheo chake na mshahara wake, na neno lake lisikilizwe kabla ya hukumu kutolewa. Akikosekana yeye, ramani itakuwa nzuri na hukumu itakuwa mbaya. Tutalieleza jambo hili kwa mfano wa kwetu Garissa.

SI KAZI NGENI KWA WATU WA RELI

Sisi tunaoandika haya ni watu wa reli, wenyeji wa Garissa, na wengi wetu elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni. Reli yenyewe haijafika kwetu. Mpango wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, na ndani yake imo reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilianza kazi Mei 2021, lakini mataruma ya Garissa hayajalazwa. Kwa hiyo sisi hufanya kazi ya reli mbali na nyumbani, na nyumbani hurudi kwa basi.

Lakini kusoma nyayo twakujua. Treni ikifika stesheni, saa yake huandikwa katika rejista. Ikiondoka, huandikwa tena. Katika ofisi ya kontroli, saa hizo huchorwa kwenye karatasi moja kubwa: stesheni zimepangwa upande mmoja, saa upande wa pili, na kila treni ni mstari unaopanda au kushuka kwa mshazari. Mstari ukilala, treni imesimama. Mistari miwili ikikutana, treni zimepishana. Mtu mwenye jicho huitazama karatasi hiyo mara moja tu akajua siku ilivyokwenda.

Sasa angalieni. Rejista ile ina mambo matatu: namba ya treni, tendo lililotendeka, na saa. Uchimbaji wa michakato nao wahitaji mambo hayo hayo matatu: namba ya shauri, tendo, na saa. Badala ya treni weka fomu ya mwananchi, au ankara ya mfanyabiashara, au mgonjwa hospitalini. Mwalimu mkubwa wa elimu hii ni Profesa Wil van der Aalst, aliyeianzisha katika Chuo Kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi nyingi walitoa tamko lao juu ya kanuni za kazi hiyo, na mwaka huo huo ikaanzishwa huko Munich, Ujerumani, kampuni ya Celonis, ambayo sasa huuza mashine za namna hii kwa makampuni makubwa duniani.

Mashine hizo hufanya mambo matatu. Kwanza, huchora ramani ya kazi kutokana na nyayo peke yake. Pili, hulinganisha ramani hiyo na sheria, zikaonyesha nani amekwenda nje ya njia. Tatu, hupima muda na kuonyesha mahali pa kurekebisha. Jambo la kwanza ni elimu tu. La pili na la tatu ni hukumu, na hapo ndipo sisi twataka kusema.

Katika yadi moja ya mizigo, ambayo hatutaitaja, hesabu za saa zilionyesha kwamba mabehewa hulala yadini muda mrefu kuliko mahali pengine po pote. Ikasemwa kwamba wapanga mabehewa ni wavivu, na wenzetu wakapewa barua. Lakini watu wa yadi walijua kwamba mabehewa yale yalikuwa yakingoja karatasi ya ruhusa kutoka ofisi nyingine, na ofisi hiyo ilikuwa haiandiki saa ya kuitoa. Kwa kuwa saa haikuandikwa, kungoja kule hakukuonekana. Lawama ikamwangukia yule ambaye saa zake ziliandikwa. Shikeni neno hili, ndugu: mashine humwona yule aliyeacha nyayo, na humsamehe yule asiyeacha.

KIPANDE CHA MTU WA GARISSA

Sasa twende Garissa. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, humpa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati nyingine za usajili. Mtu akitimiza miaka 18 huomba kitambulisho, ambacho wengi wetu bado hukiita kipande. Asiye nacho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti benki, hawezi kupiga kura, wala hawezi kuajiriwa kwa halali. Hata anayekata tiketi ya treni ya Madaraka Express huulizwa namba ya kitambulisho. Kijana wa Garissa asiye na kipande hawezi kupanda treni tunayoihudumia, seuze kuajiriwa kuihudumia.

Tuseme leo ofisi imeagiza kundi la wataalamu waje kusoma nyayo za kazi ya kutoa vitambulisho Garissa. Wataona nini? Wataona fomu imepokelewa, alama za vidole zimechukuliwa, maombi yamepelekwa Nairobi, kadi imetengenezwa, kadi imerudi, kadi imechukuliwa. Wataona baadhi ya maombi yakienda mbio na mengine yakilala. Watachora ramani yenye rangi, na mahali penye rangi nyekundu watasema, hapa ndipo pabaya.

Lakini yako mambo manne ambayo nyayo hazitawaambia, na kila mtu wa Garissa ayajua.

La kwanza ni uhakiki. Kwa miaka mingi mwombaji wa maeneo ya kwetu alipelekwa mbele ya kamati ya wazee, machifu na maofisa wa usalama ili athibitishwe kuwa Mkenya, jambo ambalo mwombaji wa sehemu nyingi za nchi hakulijua. Jambo hili lina historia. Mwezi wa Novemba 1989 Serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wote wazima wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya pili ya kubeba pamoja na kitambulisho. Tarehe 5 Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuondoa uhakiki huo wa ziada. Hayo ni mema. Lakini fikirini: miaka yote ile, siku ambazo kijana alingoja kamati ikutane ziliandikwa katika kompyuta gani? Mashine huanza kuhesabu siku fomu inapopokelewa dirishani. Aliyengoja mwaka mzima kabla ya kulifikia dirisha huonekana kama mtu aliyehudumiwa upesi.

La pili ni alama za vidole. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Katika miaka ya ukame na njaa, baadhi ya wananchi wa vijiji vya jirani, Wakenya waliopoteza mifugo yao, walijiandikisha kambini pamoja na watoto wao ili wapate chakula na matibabu. Watoto wale wamekua. Wanapoomba kipande, mashine hukuta alama za vidole vyao katika rejista ya wakimbizi, na maombi husimama. Maelfu ya vijana wa kaunti zetu yamewapata haya. Mtu wa mbali akiona nyayo hizo atasema, huyu ni mdanganyifu, mashine imefanya kazi yake vizuri. Mtu wa Garissa atasema, huyu ni mtoto wa fulani bin fulani, mama yake alitembea kutoka kijijini wakati ngamia wamekwisha, na chakula kilikuwa upande ule wa uzio. Nyayo ni zile zile, lakini husomwa na watu wawili tofauti, na hukumu huwa mbili tofauti.

La tatu ni majina. Kusoma nyayo kwahitaji kila shauri liwe na alama yake moja tu. Mohamed na Maxamed ni jina moja: la pili limeandikwa kwa hati ya Kisomali iliyowekwa mwaka 1972. Lakini Mohamed na Mohamud ni majina mawili, ya watu wawili. Asiyejua atamgawanya mtu mmoja kuwa wawili, na atawaunganisha wawili kuwa mmoja. Kadhalika wako wengi walioandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, si kwa kuwa walizaliwa siku hiyo, bali kwa kuwa waliozaliwa malishoni hawakuandikiwa cheti. Mtaalamu asiyeambiwa hayo atadhani amegundua wizi mkubwa.

La nne ni malisho. Kadi imefika Garissa, lakini miezi inapita haijachukuliwa. Mashine itasema mwombaji hajali, au karani hakumjulisha. Labda ni kweli. Lakini labda mvua ilikosekana, na kijana amefuata mifugo mbali na barabara na mbali na mtandao wa simu. Dawa ya karani mvivu ni onyo. Dawa ya kijana aliye malishoni ni kumpelekea kadi kwa gari lifuatalo visima. Ukikosea maradhi, utakosea dawa.

VYEO VINAVYOHITAJIWA

Je, twasema wataalamu wasije? La hasha! Twataka waje, maana ramani ya kweli ya kazi ni silaha ya mnyonge. Mwananchi akiambiwa “njoo kesho” kila siku, hana ushahidi. Nyayo zikisomwa, ushahidi upo. Karani akilaumiwa kwa kuchelewa kwa mwingine, nyayo zaweza kumwokoa. Tunalosema ni kwamba kundi liwe kamili. Tumeuliza na tumesoma, na tumeona kwamba kazi hii hukamilika kwa watu wa namna sita.

1. Mwenye kazi. Huyu ni mkubwa anayewajibika kwa kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, si kwa dirisha moja. Ujuzi wake ni kujua anataka kuuliza swali gani. Mkubwa asemaye “nichimbieni tu, tuone” hupata ramani kama nyuzi zilizochezewa na paka.

2. Mchota kumbukumbu. Ni fundi wa kompyuta anayejua kuingia katika hifadhi za data, kutoa namba ya shauri, tendo na saa, na kuzisafisha. Ujuzi wake hauishii kwenye mashine. Kwetu karani huandika saa 3 katika kitabu akiwa na maana ya asubuhi ambayo kompyuta huiita saa 9. Fundi asiyejua saa ya Kiswahili ataingiza saa 3 ya usiku wa manane, na ramani itaonyesha ofisi ya Garissa ikifanya kazi watu wakiwa wamelala.

3. Mchambuzi. Ndiye huchora ramani na kuisoma. Ajue hesabu, na hasa ajue kwamba wastani waweza kusema uongo. Watu tisa wakipata kadi kwa siku 10 kila mmoja, na mmoja akaipata kwa siku 900, wastani wao ni siku 99, na hakuna hata mmoja kati yao aliyengoja siku 99. Mchambuzi mwema huwaonyesha wale tisa peke yao na yule mmoja peke yake, kisha huuliza: huyu mmoja ni nani, na anatoka wapi?

4. Mjua kazi. Huyu ndiye tunayempigania. Ni karani wa dirisha, chifu, mzee wa mtaa, mpanga mabehewa wa yadi. Hahitaji digrii. Ujuzi wake ni kujua yasiyoandikwa: kungoja kusikoacha nyayo, sababu ya jina kuandikwa namna mbili, njia ya panya iliyofunguliwa kwa kuwa njia kuu ilifungwa. Yeye huitazama ramani akasema, hapa si kweli, au hapa ni kweli lakini sababu si hiyo mnayodhani.

5. Mlinzi wa siri. Nyayo za kazi ni nyayo za watu. Lazima awepo ajuaye sheria, wa kusema jambo gani lionekane kwa nani, majina gani yafichwe, na kumbukumbu gani zifutwe kazi ikiisha. Kwa mtu ambaye jina lake limo katika rejista mbili, siri ikivuja ni hatari.

6. Mgeuza kazi. Ramani haitengenezi kitu. Lazima awepo wa kukaa na wafanyakazi, kuwaeleza mabadiliko kwa lugha yao, Kiswahili na Kisomali, na kurudi baada ya miezi kuona kama yamefaa.

Katika makundi mengi watu hawa huajiriwa nusu tu. Mchota na mchambuzi hulipwa vizuri na hupewa mkataba. Mlinzi wa siri huandikwa jina tu. Mjua kazi huitwa mchana mmoja, hupewa chai, huulizwa maswali kumi, kisha hurudishwa dirishani, na ripoti huandikwa bila yeye. Hiyo si haki, na pia si akili. Mfugaji wa kwetu akipotelewa na ngamia hamwiti mtu mwenye macho makali tu. Humwita anayeijua mbuga na anayemjua ngamia yule, kwato zake na kisima alichokizoea. Macho makali yataona kwato za ngamia mia. Ni mwenye kujua tu atakayesema, huyu ndiye wetu, na amekwenda huku.

TUSISAHAU KIPANDE CHA ZAMANI

Ziko sababu za sisi kuogopa nyayo zinazoandikwa na mwajiri. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kuchukua kipande. Ndani yake mlikuwa na jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Akiondoka bila mwajiri kuandika kwamba amemruhusu, alihesabiwa mtoro na kukamatwa. Hizo zilikuwa nyayo za kazi: namba, tendo na tarehe. Ziliandikwa na upande mmoja, zikasomwa na upande mmoja, na mwenye kuvichukua shingoni hakuulizwa neno. Wazee wetu walipigana na kipande hicho hadi kikaondolewa katika miaka ya 1940.

Kilichokuwa kibaya kilikuwa hukumu ya upande mmoja. Rejista ya treni nayo ni maandishi, lakini hutulinda sote, kwa kuwa mtu wa stesheni ya huku na mtu wa stesheni ya kule wote wawili huandika, na wote wawili huisoma. Hilo ndilo tunalolitaka katika kompyuta.

Na sheria iko upande wetu tukiijua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, humpa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Sheria hiyo hiyo hutaka madhara ya kazi yenye hatari kwa haki za watu yapimwe kabla kazi haijaanza. Mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa upimaji huo haukufanywa kwanza. Ikiwa Serikali yenyewe iliambiwa hivyo, hakuna mwajiri awezaye kusema yeye yuko juu ya jambo hilo.

TUNAYOTAKA

Basi, ndugu, yatupasa kudai mambo haya, katika reli na katika kila ofisi penye wanachama wetu.

Kwanza, po pote kazi ya kusoma nyayo itakapoanza, mjua kazi achaguliwe kutoka miongoni mwa wafanyakazi wa chini, apewe cheo kilichoandikwa, muda wa kutosha nje ya zamu yake, na malipo. Ripoti isitoke kabla hajaiona na kuandika maoni yake ndani yake.

Pili, nyayo zisitumiwe kumwadhibu mfanyakazi mmoja mmoja. Zitumiwe kurekebisha kazi. Ikiwa kuna mtu wa kuulizwa, aulizwe kwa utaratibu wa kawaida, akiwa na mwakilishi wake, na aonyeshwe nyayo zote, si zile zilizochaguliwa.

Tatu, kungoja kusikoandikwa kuandikwe. Mwombaji aandikiwe siku ya kwanza aliyofika kwa chifu, si siku alipofika dirishani. Behewa liandikiwe saa iliyoombewa ruhusa. Hadi mambo haya yatakapoandikwa, asilaumiwe yule wa mwisho wa mstari.

Nne, vijana wetu wafundishwe. Chuo Kikuu cha Garissa kilipata hati yake kamili mwaka 2017, miaka miwili baada ya shambulio la Aprili 2015 lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo hicho na vyuo vya ufundi vya mjini vyaweza kufundisha uchotaji na uchambuzi. Vyombo si vya bei: programu za ProM na PM4Py hutolewa bure, na masomo ya Profesa van der Aalst yamo katika mtandao wa Coursera tangu mwaka 2014. Kinachokosekana ni walimu watakaoyaeleza kwa Kiswahili na Kisomali, na waajiri watakaokubali kwamba kijana wa Garissa akijifunza atakuwa mchambuzi na mjua mahali katika mwili mmoja. Mtu wa namna hiyo hapatikani Munich wala Nairobi.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu wa elimu ndogo wanaoiogopa mashine. Sisi hatuiogopi. Tumeishi na saa, rejista na ratiba tangu siku ya kwanza ya kazi, na hakuna watu wanaoheshimu dakika kuliko sisi. Wengine watasema kumweka karani katika kundi la wataalamu ni kumfanya fisi mlinzi wa mbuzi, kwa kuwa yeye mwenyewe huenda ndiye anayechelewesha. Jibu letu ni kwamba ndani ya kundi hakai peke yake. Mchambuzi yuko, mlinzi wa siri yuko, na nyayo ziko mezani. Akidanganya, ataonekana. Lakini yeye asipokuwepo na mchambuzi akakosea, ni nani atakayemwona?

Siku moja reli ya Lamu itapita Garissa, na siku hiyo haitakuja na mabehewa tu, itakuja na kompyuta zinazoandika kila tendo letu. Afadhali tuwe tayari mapema. Kila tawi lichague wanachama wawili wajifunze kazi hii, mmoja wa ofisini na mmoja wa njiani, na majina yao yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.

Wafanyakazi wa Reli, Wenyeji wa Garissa